Tundu la Nne

Mama anauliza kutoka jikoni:
"Hicho chuma unakifunga cha nini? Kitatoroka?"
Simjibu. Nina penseli mdomoni
na goti langu liko juu ya doa la oili,
pale Pijo ya baba ilipovuja miaka kumi na mmoja
kabla hatujaiuza kwa mtu wa Kangundo
aliyekuja na kamba, akaikokota kama ng'ombe mgonjwa.

Gereji hii ya Buruburu haikulala sawa.
Nimeweka pimamaji: kiputo kimekimbilia mlangoni,
upande uleule mvua inakoingilia.
Nguzo tatu zimetua. Ya nne inaning'inia
unene wa sarafu,
na fremu nzima, ukiigusa, inasema ka-ka, ka-ka,
kama mwenye meno ya bandia akila muhogo.

Musyimi, aliyeichomelea kule Kariobangi,
alinionya, miwani myeusi ameipandisha pajini:
"Dada, chuma hakina makosa. Makosa ni ya sakafu.
Usikaze bolti ukiwa na hasira. Kaza zote nusunusu,
kwa mshazari, kama unavyofunga gurudumu,
kisha urudi." Akatazama viganja vyangu, sugu zake.
"Na uzito ukikulemea, nani atakushika?"
Nikamhesabia baki la pesa zake.
Hiki, nikamwambia.

Maana miaka sita nimeinua vyuma vya watu,
nikilipa kwa mwezi, nikingoja kijana fulani
amalize simu yake ndipo anisimamie kichwani,
na hata akisimama macho yako kwenye kioo,
anajitazama yeye.

Nimekata kibati, nikakikunja mara mbili,
nikakigongea kwa nyundo chini ya mguu ule mkaidi.
Kiputo kikarudi katikati, kikatulia.

Tundu la kwanza: zege likatema unga.
La pili: unga uleule, kwenye kope, kwenye chai.
La tatu nikiwa nusu, stima ikapotea,
nikaketi ndani ya fremu kama kuku wa maonyesho
nikisikiliza jenereta ya kinyozi ikikohoa ng'ambo ya ua.
Saa nzima.
La nne likagonga nondo.
Drili ikapiga yowe, ikanipinda kiwiko.
Ajabu ya Nairobi: mwaka ule wa kumwaga sakafu hii
palikuwa na mkandarasi asiyeiba chuma,
na uaminifu wake wote akauzika
papa hapa ninapotaka kutoboa mimi.

Lakini Musyimi kila unyayo aliutoboa mara mbili.
Nikahamia tundu la pembeni.
Washa, nati, spana. Nusu. Mshazari. Nusu.
Sikuwa na hasira. Nilikuwa na njaa tu.

Vyuma vya kudaka nimevipachika tundu la tisa,
kidole kimoja chini ya kifua kilichojaa pumzi.
Nimelala benchini na mtaimbo mtupu,
nikajifanya nimeshindwa,
nikauachilia.
Mabati yalilia. Mbwa wa akina Anyika akajibu.
Nami chini yake, shingo nzima,
nina nafasi ya kumeza mate.

Ndipo mama akatokea na bakuli la njegere
kuja kuona ni nini kimevunjika.
Tangu aanguke bafuni mwezi wa tatu
hutafuta ukuta kwa vidole kabla ya kila hatua,
na ukimwona anakasirika.
Kokoto la zege likamwingia ndarani.
Akashika nguzo, ile ya nne,
akaiegemea kwa kilo zake zote sitini na mbili,
akavua ndara, akaikung'uta, akaivaa,
bila haraka, akinitazama mimi na vumbi langu.
"Bado sijaona kingetorokea wapi," akasema.

Nguzo haikusema ka.